Istanbul kwa siku moja: namna ya kuipanga

Istanbul inapendwa kwa sababu mji mmoja umekaa Ulaya na Asia, na kuvuka bara hadi bara ni dakika 20 hivi za feri. Kwanza chagua siku, maana hapa ndipo wengi hukosea. Kasri la Topkapı hufungwa Jumanne, Soko Kuu Jumapili, na Ijumaa wageni hawaingii Msikiti wa Buluu mpaka sala iishe. Alhamisi ni salama.

Anza Sultanahmet, mtaa wa mji mkongwe, mapema, kabla makundi hayajafika. Hagia Sophia, kanisa la kale lililokamilika mwaka 537 na ambalo sasa ni msikiti, wageni huitazama kutoka roshani ya juu. Usiharakishe huko: sogea kwenye mozaiki ya Deesis (Yesu kati ya Maria na Yohana Mbatizaji), uone vijiwe vidogo vinavyobadilika rangi taratibu kwenye shavu la Yesu. Wanawake wabebe mtandio. Mabega na magoti yafunikwe.

Jioni nunua Istanbulkart, kadi ya nauli, kwenye mashine ya kituoni na uiongeze salio la kutosha, la sivyo geti halifunguki. Panda tramu ya T1 hadi bandari ya Eminönü, kisha feri ya Kadıköy, upande wa Asia, jua likikaribia kuzama. Kaa nje, nyuma ya feri. Minara ya mji mkongwe iko upande huo.