Somo: Kumwandaa mbwa awasikilize watoto wakisoma

Ndugu zangu walimu, wazazi na wote mnaoendesha vyumba vya kusomea mitaani, wengi mmeniuliza juu ya yule mbwa anayelala kwenye mkeka watoto wakisoma. Naandika hatua zote hapa, maana nasikia baadhi yenu mmeanza kutafuta watoto wa mbwa wa kizungu kwa bei za kutisha. Acheni kwanza.

Tuelewane juu ya kazi yake. Mbwa hafundishi herufi. Ingieni darasa la P2, yaani la pili la msingi, katika shule ya UPE (elimu ya msingi ya bure ya serikali hapa Uganda) yenye watoto wengi: mwalimu anaonyesha ubao, darasa zima linaitikia kwa sauti moja. Mtoto asiyejua kusoma hujificha humo humo, anafungua mdomo nyuma kidogo ya wenzake, na anaweza kuvuka P3 bila mtu kugundua. Akifika P4, Kiingereza kinachukua nafasi ya lugha ya nyumbani, anaitwa jina asimame asome peke yake, wenzake wanaangua kicheko. Baada ya hapo hamtamwona akiinua mkono. Mbwa anasaidia mahali hapo tu: anampa mtoto huyo nafasi ya kusikia sauti yake mwenyewe ikisoma, mbele ya msikilizaji asiyecheka, asiyemkatiza na asiyekwenda kusimulia kwa jirani.

Mpango wa kwanza wenye jina ulianza 1999 mjini Salt Lake City, Marekani, chini ya shirika la Intermountain Therapy Animals. Wanauita R.E.A.D., kifupi cha Reading Education Assistance Dogs. Lakini msidhani ni mambo ya huko tu. Gulu, kaskazini mwa Uganda, kuna The Comfort Dog Project, iliyoanzishwa na Francis Okello Oloya, inayowaunganisha manusura wa vita vya waasi wa LRA na mbwa waliofunzwa. Kazi yao ni majeraha ya moyo, si kusoma, lakini mbwa wanaotumika ni hawa hawa wa kwetu, wengine waliookotwa barabarani. Anayesema mbwa wa kienyeji hafundishiki aende Gulu akajionee.

Hatua ya kwanza: chagua mbwa kwa tabia

Awe mtu mzima, umri wa mwaka mmoja au zaidi. Mtoto wa mbwa anapendeza kwenye picha, ila anarukaruka, anatafuna daftari na hajui kukaa. Rangi, kabila na urefu wa manyoya havina maana.

Mpime hivi. Angusha sufuria nyuma yake: akishtuka kisha akatulia, sawa, akikimbia au akibweka mfululizo, hapana. Mshike masikio, mkia, makucha, mfungue mdomo. Mwambie mtu asiyemjua ampite akikimbia. Mwondolee bakuli akiwa anakula, wewe mwenyewe, si mtoto. Mbwa anayenguruma hata mara moja katika majaribio hayo abaki mbwa wa nyumbani, wala usimwadhibu, maana amekwambia ukweli. Na awe anapenda watu. Kuna mbwa wanaovumilia tu kuguswa, wamekaza mwili kama ubao, na wenye nyumba wanajisifu kwamba ni wapole. Huyo si mpole. Anasubiri uondoke.

Hatua ya pili: daktari wa mifugo kabla ya kitu kingine chochote

Hapa sina mzaha. Karibu vifo vyote vya binadamu kwa kichaa cha mbwa duniani hutokana na mbwa, na dalili zikishaanza kwa mgonjwa, dawa ya kumrudisha hakuna. Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto chini ya miaka 15. Kwa hiyo: chanjo ya kichaa, ambayo hutolewa mbwa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka, na cheti chake uwe nacho mkononi. Dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu. Kupe na viroboto waondolewe. Usimlishe nyama mbichi. Ulizeni ofisi ya mifugo ya wilaya yenu kama kuna kampeni ya chanjo karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla na baada. Weka jeri la maji na kipande cha sabuni mlangoni, yule anayeingia bila kunawa hasomi.

Hatua ya tatu: mafunzo

Mbwa wako ajue mambo manne tu: kaa, lala chini, acha, twende. Chagua lugha moja ya amri na nyumba nzima iifuate. Mkimwambia "kaa" leo na "sit" kesho mnamchanganya bure. Zawadi ni punje ya mukene (dagaa) mkavu, haina gharama na mbwa anaifuata mpaka Jinja. Usimpige. Mbwa aliyezoea fimbo hukunja mwili kila mkono unapoinuka, na watoto huinua mikono siku nzima.

Kisha mzoeze sehemu yenyewe: kelele za mapumziko, kengele, harufu ya posho (ugali) jikoni, bodaboda zikipita. Kazi hii ni ya miezi, si wiki.

Hatua ya nne: ruhusa

Mwalimu mkuu, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa), na barua ya kila mzazi yenye sahihi au dole gumba. Kwenye barua uliza mambo matatu: je, mtoto ana pumu au mzio, je, aliwahi kuumwa na mbwa, je, dini ya nyumbani ina neno juu ya mbwa. Katika mitaa ambako mbwa wa kunusa wa polisi wamewahi kuletwa kufuatilia mwizi, tangazeni mapema. La sivyo nusu ya watoto watakimbia wakidhani kuna aliyeshtakiwa.

Hatua ya tano: kipindi chenyewe

Mtoto mmoja, mbwa mmoja, mwenye mbwa mmoja. Wengine wacheze nje mahali wasipoweza kusikia. Wakiwa dirishani umerudisha darasa lile lile la kicheko. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Tandika mkeka kivulini, maji ya mbwa karibu, mkanda wake mkononi mwako muda wote. Mtoto hashiki mkanda na kamwe haachwi peke yake na mbwa, hata dakika ya kujibu simu.

Mtoto achague kitabu mwenyewe. Akichagua kile kile alichosoma juma lililopita, mwache, kurudia ndiko kunakompa mwendo. Vitabu vifupi vya bure mtavipata African Storybook, kwa Kiswahili, Luganda, Acholi na lugha nyingine nyingi za Uganda, mnavichapisha wenyewe.

Sasa sikilizeni ufundi ulipo. Mtoto akikwama kwenye neno, usiliseme haraka. Hesabu kimoyomoyo mpaka tano. Bado amekwama? Usimwambie "umekosea". Tuseme mbwa wako anaitwa Simba. Sema: "Simba hajawahi kulisikia neno hilo, hebu tumsaidie, linaanza na sauti gani?" Aibu inahamia kwa mbwa, na mbwa haioni. Akimaliza ukurasa: "Simba anauliza, kwa nini sungura alikimbia?" Mtoto atageuka amweleze mbwa kwa maneno yake, na hapo utajua kama ameelewa au amepiga kelele za herufi tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, waliwapima watoto 102 wa darasa la tatu kwa majuma kumi: wengine walimsomea mbwa, wengine mtu mzima, wengine mwanasesere wa dubu, na kundi moja halikuongezewa kitu. Utafiti ulichapishwa 2014, na kundi la mbwa liliwapita wengine katika kuelewa walichosoma. Katika kasi ya kusoma halikuwapita. Kwa hiyo maswali ya Simba si mapambo, ndiyo moyo wa kipindi.

Nawaambia pia upande wa pili: mapitio ya tafiti za aina hii yaliyotoka 2016 yalisema ushahidi bado ni dhaifu, tafiti nyingi ni ndogo. Anayewauzia mpango huu kama muujiza, mkwepeni.

Hatua ya sita: msome mbwa

Akiramba midomo bila chakula, akipiga miayo bila usingizi, akigeuza kichwa, akionyesha weupe wa jicho, akificha mkia: kipindi kimekwisha. Mwambie mtoto Simba amechoka. Watoto watatu au wanne kwa siku wanatosha kwa mbwa mmoja, na joto la Februari likizidi, punguza.

Andika kwenye daftari nini kilisomwa na mtoto alikwama wapi. Mpe kipande kimoja asome mwanzo wa muhula na kile kile mwisho wake. Basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu wa Arua: Assalaam alaykum. Wanafunzi wangu wengi ni Waislamu. Mate ya mbwa ni najisi, na wazazi watanitoa shuleni. Nifanye nini?

Waalaykum salaam, mwalimu. Usianze na mbwa, anza na shehe wa mtaa na wazazi. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na mtoto anayetoka hapo kwenda kuswali hana muda wala maji ya hayo. Kuna waliokubali mtoto akae mkeka wake mbali, mbwa akiwa mkavu upande wa pili, bila kugusana. Wazazi wakikataa hata hilo, tumia paka mtulivu, paka hana shida hiyo. Kinachotakiwa ni msikilizaji asiyecheka. Na vitabu vya madrasa visiingie chumba hicho kabisa.

Mama wa Bweyogerere: Nina mbwa wangu wa kulinda nyumba, mchana namfunga, usiku namfungulia. Ni mpole sana kwa watoto wangu. Naweza kumleta?

Hapana, dada. Mpole kwa watoto wako ni kwa sababu anawajua. Mgeni ndiye anayefunzwa kumkamata kila usiku. Huwezi kumwambia saa tisa alasiri kwamba wageni sasa ni marafiki. Halafu mbwa anayefungwa mchana kutwa hujaa hasira ambayo haionekani mpaka siku inapotoka.

Mzazi, Lira: Mwanangu aliumwa na mbwa mwaka jana. Anatetemeka akiwaona. Nimlazimishe azoee?

Usimlazimishe hata kidogo. Asome barazani kwa kaka yake au kwako. Akitaka mwenyewe siku moja kuchungulia mlangoni, mwache achungulie. Na kwa wote: mtu akiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya sindano. Msipake mafuta ya taa, pilipili wala majani. Mbwa asiuawe ovyo, afungwe aangaliwe siku kumi na daktari wa mifugo aitwe.

Mzee mmoja, Kasese: Mimi sielewi. Watoto wanakuja shule bila chakula, ninyi mnalisha mbwa mukene?

Mzee, shikamoo. Swali lako ni la haki. Mbwa ninayemzungumzia yuko nyumbani tayari na anakula makombo ya posho. Sisemi mtu anunue mpya. Kama shule ina fedha kidogo na haina vitabu wala uji, basi uji kwanza, vitabu pili, na mbwa asubiri hata miaka. Mtoto mwenye njaa hatamsomea mtu wala mnyama. Ila mahali ambapo uji na vitabu vipo na mtoto bado anajificha kwenye sauti ya darasa, mukene wa mia tano haujamnyang'anya mtu kitu.

Mfanyakazi wa kujitolea, kambi ya wakimbizi ya Kyaka II: Watoto wetu wengi wametoka Kongo, Kiswahili wanakijua, lakini shuleni ni Kiingereza. Wamsomee mbwa kwa lugha gani?

Kiswahili kwanza. Mtoto hujifunza kusoma kwa maneno anayoyajua maana yake. Akishaunganisha sauti na herufi, ustadi huo anahama nao kwenda Kiingereza. Ukianza na Kiingereza unampa mizigo miwili kwa pamoja. Akizoea, mpe kitabu kimoja katika lugha zote mbili, asome Kiswahili leo, Kiingereza juma lijalo, na Simba awe ndiye asiyejua Kiingereza. Kuhusu mbwa wazururaji kambini, usichukue hata mmoja kabla ya kuchanjwa na kukaa nawe miezi kadhaa.

Mwalimu wa P1, Masindi: Wangu ni jike. Akiwa kwenye joto la kutaka dume, nimlete?

Mpumzishe kwa majuma matatu hivi. Madume ya mtaa mzima yatamfuata mpaka mlangoni na yatapigana mbele ya watoto. Bora zaidi afungwe kizazi. Muulize daktari siku unapompeleka kwa chanjo, afanyiwe kabla ya kuanza kazi, na umpe muda kidonda kipone vizuri kabla ya kumrudisha kwenye mkeka.