Umegongana na gari lingine, trafiki kakuandikia kosa? Fanya hivi

Naendesha hiace ya Nyegezi, na kwenye kipilefti migongano haiishi. Kanuni yake ni moja: aliyemo ndani, anayetokea kulia kwako, ndiye mwenye njia. Ukiingia bila kumpisha, hata kelele za konda wako hazitakuokoa.

Kwanza angalia majeruhi. Kama hakuna, usisogeze gari hata abiria wakuzomee. Toa simu, piga picha: kwanza kwa mbali, alama za barabarani na magari yote mawili yaonekane, kisha inama upige matairi yameelekea wapi, alama za breki, na chenga za taa. Chenga ndizo shahidi wangu mkubwa, maana kwa kawaida humwagika karibu na pale mlipogongania. Zikiwa upande wako wa barabara, mwenzako ana kazi ya kueleza. Chukua na namba za mashahidi. Mama muuza samaki aliyekaa pale tangu asubuhi ameona kuliko abiria aliyekuwa anachati.

Trafiki akichora ramani ya ajali, simama karibu. Vipimo visipokuridhisha sema hapo hapo, kwa adabu.

Akikuandikia faini nawe huikubali, usilipie ile kontrol namba ili mambo yaishe. Kulipa ni kukiri. Mwambie unakataa kosa, unaomba kupelekwa mahakamani. Huko ukisomewa shtaka jibu "si kweli", kisha zitoe picha zako na uwaite mashahidi. Bima nao watataka ripoti ya polisi, ifuatilie mapema.