Naoka keki za sikukuu hapahapa Dar bila kuivunja Januari

Kila ikifika katikati ya Desemba naulizwa kitu kilekile, eti unga umepanda au bado. Jamani unga sio tatizo. Chukua karatasi uandike gharama za keki moja tu utaona mwenyewe, unga ni kipande kidogo, hela inaishia kwenye mayai, siagi, moto, na yale mapambo ya kumwonyesha wifi, halafu kuna keki iliyoharibika ambayo hakuna mtu anaiandika kwenye hesabu wakati ndio ghali kuliko zote. Kwa hiyo we ukikaa unabana ngano utakula keki mbaya na hela itakuwa imeondoka vilevile.

Mimi niko Tabata, nyumba ya wapangaji, uwani tunashea, na kila Krismasi naoka za kwangu na za kupeleka kwa majirani maana Idi sahani za vileja zinakuja kwangu zimejaa, siwezi kurudisha sahani tupu. Hivi ndivyo ninavyofanya.

Kununua nunua mapema, na sababu kubwa ni Mangi, yaani yule Mchaga mwenye duka la mtaani. Wa Dar mnanielewa. Ikifika tarehe 20 Mangi anafunga duka anapanda basi kwenda Moshi, mtaa mzima mnabaki na duka moja ambalo halijafunga na mwenye nalo anajua mmebaki naye, bei anayokupa ndo hiyohiyo uchukue uache. Kwa hiyo vitu visivyooza, ngano, sukari, iliki, vanila, beking pauda, mimi nachukua wiki ya kwanza ya Desemba, tena tunachanga watu watatu au wanne tunaenda sokoni Kariakoo tunachukua mfuko mmoja wa ngano kilo 25 kwa bei ya jumla tunagawana kwa mzani tukirudi. Kwa mzani, sio kwa macho, urafiki wa miaka mingi unaweza kufia kwenye kilo moja ya ngano. Na uende asubuhi siku ya kazi, Jumamosi ya Desemba Kariakoo ni kusukumwa tu, utarudi na malapa yamekatika.

Mayai usinunue Kariakoo. Hata yakiwa rahisi. Trei kwenye daladala lililojaa, umesimama, mtu anakuambia "dada sogea kidogo", mpaka ufike Tabata unashusha trei lenye rojo, ile nafuu yote imemwagika. Nunua karibu na nyumbani, siku mbili tatu kabla ya kuoka, trei la 30 mgawane watatu, kila mtu 10, na 10 ni keki mbili kwa kipimo nitakachokupa hapo chini.

Ukishayapata yaweke kwenye bakuli la maji. Likilala chini ni jipya, likisimama wima litumie leo, likielea tupa wala usilifikirie. Joto la mwezi wa 12 hapa unalijua na mayai mengine yameanikwa mbele ya duka tangu asubuhi. Na hata yakipita mtihani wa maji, vunjia moja moja kwenye kikombe kwanza ndipo umimine kwenye mchanganyiko. Hii nimeilipia. Mwaka mmoja nilikuwa na haraka, siagi na sukari nishazipiga zimekuwa nyeupe zimeumuka vizuri, yai la kwanza safi, la pili safi, la tano nikalivunjia hukohuko ndani likatoka la kijivu na ile harufu, wee, siagi robo, sukari robo na mayai manne mazima vyote vikaenda shimoni. Nilikaa kwenye ndoo nikaliangalia lile bakuli muda mrefu. Tangu siku hiyo kikombe hakitoki mezani.

Beking pauda nayo ipime. Ile ya kupimiwa kwenye kikaratasi dukani hujui imefunguliwa lini, na unyevu wa pwani unaiua kimyakimya. Weka kijiko kimoja cha chai kwenye maji ya moto, ikichemka na kutoa povu la maana inafaa, ikinung'unika tu kidogo mrudishie mwenyewe. Keki nyingi zinazoitwa "imegoma" tatizo lilikuwa hapo na mtu ameishia kulaumu jiko.

Sasa kipimo. Keki yangu ya kila siku ni ngano nusu kilo, sukari robo, siagi robo, mayai matano, beking pauda vijiko vinne vya chai vya kusawazisha, maziwa au mtindi kikombe kimoja, iliki ya kusaga na chumvi kidogo sana. Zipo keki za mayai nane tisa, najua, tamu pia, ila kwa kuwagawia watoto wa mtaa mzima matano yanatosha na hakuna aliyewahi kunirudishia kipande. Bei ya siagi ikiwa juu tumia mafuta ya alizeti, kwa robo kilo ya Blue Band weka kikombe kimoja cha mafuta kisichojaa vizuri, maana Blue Band ndani ina maji kidogo na mafuta ni mafuta matupu, ukiweka sawa kwa sawa keki itakuwa nzito na itakupaka vidole. Ukitumia mafuta piga kwanza mayai na sukari mpaka vipauke na kuumuka, ndipo umimine mafuta taratibu. Keki ya mafuta inabaki laini siku ya pili kuliko ya siagi, siri ndogo hiyo, watu wanadhani nimeongeza kitu cha hela.

Ndizi zilizoiva mpaka ganda limekuwa jeusi, zile ambazo muuzaji anakuachia kwa bei ya kutupa jioni, zichukue. Moja iliyopondwa inakaa badala ya yai moja, ila usizidishe mbili kwenye kipimo hiki la sivyo inakuwa mkate wa ndizi, ambao nao sio mbaya, ila usije ukaniambia nilikwambia ni keki.

Mwenye hamu ya keki ya matunda asikimbilie zabibu kavu na yale matunda ya rangirangi ya kwenye kopo. Desemba nanasi na embe zimejaa. Menya nanasi moja dogo, katakata vipande vidogo kama punje za mahindi, weka sufuriani na vijiko vitatu vya sukari, moto mdogo, koroga mpaka maji yote yaishe na vipande vianze kunata na kung'aa. Vikipoa vipake ngano kidogo visizame chini. Ongeza tende chache ulizotoa kokwa ukazikatakata. Rangi ile nyeusi ya keki ya harusi nayo hainunuliwi, unguza sukari vijiko vinne kwenye sufuria kavu mpaka iwe kahawia nzito karibu na nyeusi, toa motoni, mwagia maji ya moto nusu kikombe ukiwa umesimama mbali maana inaruka na ikikugusa ngozi inabaki nayo, koroga, acha ipoe, punguza maziwa kwa kiasi hichohicho. Hapo umepata keki nyeusi kwa sukari ya vijiko vinne.

Twende kwenye moto, ndiko kwenye hela.

Wenye oveni ya umeme sikilizeni, oveni ya wati 2000 ikiwaka saa nzima bila kupumzika inakula uniti mbili za LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, yenyewe inawaka na kuzima kwa hiyo inakuja pungufu kidogo, lakini ukioka keki moja Jumatatu, nyingine Jumatano, biskuti Ijumaa, kila siku unaipasha upya chuma lote lile kutoka baridi. Kusanya. Siku moja, oveni ikishapata moto zinaingia keki mbili tatu kwa pamoja, zikitoka zinaingia biskuti, biskuti zikitoka unazima na kuingiza karanga zikaukie kwenye joto lililobaki. Zima dakika kumi kabla keki haijamaliza, mlango usifungue, itajimalizia. Na kama uko kwenye ile tarifu ya watumiaji wadogo ya uniti 75 kwa mwezi basi chunga sana, ukivuka hapo bei ya uniti inaruka, na Krismasi iko mwisho wa mwezi, yani unaanza kuoka wakati uniti zako za rahisi umeshazimaliza kwa feni.

Halafu angalia salio la LUKU kabla hujawasha. Mimi ziliniishia mkesha wa Krismasi keki ina dakika 20 ndani, simu haina hela, keki imeumuka katikati bado uji. Nilichokifanya, na ndicho utakachokifanya yakikukuta, sikufungua mlango, nikamtuma mtoto kwa jirani anayechoma mahindi aniletee makaa yaliyokwisha kuwaka, nikatenga sufuria kubwa, nikahamishia tini humo nikafunika moto juu. Ilizama kidogo katikati. Nikajazia lile shimo nanasi la kupika na wageni wakasema mtindo mzuri, nami nikasema ahsante.

Maana jiko la mkaa kusema kweli ndio oveni ya nchi hii, bibi zetu mkate wa kumimina wameupikia wapi? Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu uliochekechwa unene wa vidole viwili, funika, pasha dakika 15 mpaka ukiweka kiganja juu yake unakiondoa mwenyewe. Weka sufuria ndogo yenye keki juu ya mchanga, bahati yetu masufuria yetu hayana mikono yanaingiliana vizuri, hakuna haja ya kununua tini. Funika na bati au mfuniko bapa, na hapa ndipo wengi wanaharibu, toa makaa mengi chini uyapandishe juu ya mfuniko. Chini yabaki ya kujaza kiganja tu, juu yawe mengi. Keki inayoungua chini na kuwa nyeupe juu ni kwa sababu umefanya kinyume. Dakika 30 za mwanzo usifunue hata mama mkwe akiomba kuona. Baada ya hapo ni pua, ukisikia harufu ya keki imejaa uwani chomeka kijiti cha mshikaki katikati, kikitoka kikavu tayari. Makaa hayohayo yanabeba keki ya pili ukiwa umeshaiandaa pembeni, ila usichanganye mapema sana, beking pauda ikishalowa haisubiri foleni. Na fanya uwani au barazani, sio chumbani umefunga mlango, moshi wa mkaa usioonekana unaua watu.

Gesi nayo inafaa kwa mtindo huohuo wa mchanga, moto wa chini kabisa, jiko dogo la mtungi wa kilo 6 linaweza. Shida ni moja, juu hakuna moto kwa hiyo keki inabaki imepauka. Usihangaike, ikipoa igeuze, tako liwe juu, ule upande wa kahawia ndio uso wa keki. Nani atajua.

Karatasi ya kuokea sinunui, napaka siagi sufuriani, nanyunyiza ngano, nazungusha, nakung'uta. Krimu ya kupambia kwa joto hili nayo ni kutupa hela, saa sita mchana imeshakuwa maziwa, labda uwe na AC au uoke usiku wa manane. Saga sukari ya kawaida kikombe kimoja na kijiko kikubwa cha konaflawa kwenye blenda mpaka iwe vumbi, chekecha juu ya keki iliyopoa kabisa dakika chache kabla ya kupeleka mezani, ukiwahi sana unyevu unaila inapotea. Ukitaka urembo zaidi kata umbo la nyota kwenye karatasi, weka juu ya keki, chekechea, inua karatasi. Watoto wanagombania kufanya hiyo kazi.

Keki ya kawaida ioke tarehe 24, isikae, kwa joto letu siku ya tatu inaanza ukungu hasa yenye ndizi au nanasi, za ziada zifunge vizuri zikae friji. Zikikauka zikate vipande vyembamba urudishe kwenye joto la jiko linalopoa mpaka ziwe ngumu, ni biskuti za chai mpaka shule zinafunguliwa.

Na mchanga ukipoa usimwage. Uweke kwenye ndoo yenye mfuniko paka wasije wakaufanyia mambo yao, Pasaka utautaka tena.