Kuiga Vitanzi vya Kromosomu: Kuanzia Kwenye Kamba Hadi Kwenye Kompyuta

Seli moja ya binadamu hubeba DNA, uzi unaounda kromosomu, yenye urefu wa takribani mita 2, nayo hutoshea ndani ya kiini chenye upana wa mikromita 10 hivi. Wanafunzi ninaowasaidia hapa Kisumu hutaka kuiga mkunjo huo kwa kuandika programu mara moja. Mimi huwaomba kwanza wapite soko la Kibuye wanunue mita 4 za kamba ya manila na pete moja ya pazia.

Kunja kamba katikati, upenyeze mkunjo huo ndani ya pete, kisha uuvute taratibu. Kitanzi kitakua huku kamba ikiingia kutoka pande zote mbili. Ndivyo ifanyavyo protini iitwayo kohesini, ambayo mwaka 2019 ilionekana maabarani ikivuta DNA kwa kasi ya besi (herufi za DNA) 500 hadi 1,000 hivi kwa sekunde. Sasa piga fundo nene upande wa kushoto, uvute tena: fundo litakwama kwenye pete, ilhali kamba ya kulia itaendelea kuingia. Fundo hilo ni protini ya CTCF, iliyoshikamana na DNA mahali maalumu. Tofauti moja ni kubwa, nami nasisitiza izingatiwe: fundo huzuia pete itokako kokote, lakini CTCF huizuia hasa kohesini inayoijia kutoka upande ambao imeuelekea.

Kwenye kompyuta, lugha ya programu ya Python inatosha. Tengeneza mstari wa vituo 2,000, kila kimoja kikiwakilisha besi 1,000, uweke CTCF kwenye vituo kadhaa ukiipa kila moja mwelekeo, kisha utawanye kohesini 20 kwa bahati nasibu, kila moja ikiwa na miguu miwili kwenye vituo jirani. Katika kila hatua, mguu wa kushoto usogee kituo kimoja kushoto na wa kulia kituo kimoja kulia, isipokuwa ukikuta mguu mwingine au CTCF inayoutazama. Kila kohesini iwe na uwezekano wa 1 kwa 100 wa kubanduka katika kila hatua, na ikibanduka ipachikwe upya mahali popote palipo wazi.

Usibadilishe namba hizo bila kuzipima pamoja. Kohesini isiyozuiwa huishi wastani wa hatua 100, hivyo huvuta kitanzi cha vituo 200 hivi, huku umbali wa wastani kati ya kohesini ukiwa vituo 100. Uwiano huo wa 2 kwa 1 ndio unaoamua sura ya kromosomu: ukishuka chini sana ya 1, vitanzi huwa vichache na sehemu kubwa ya kamba hubaki wazi, ukipanda mno, kohesini hugongana na vitanzi husongamana.

Ili kupata ramani ya migusano, yaani jedwali la jinsi kila jozi ya vituo inavyogusana, hesabu njia fupi kati ya kila jozi ya vituo, ukikichukulia kitanzi kuwa daraja la hatua moja, kisha upandishe umbali huo kwa kipeo cha −1.5. Ni makadirio tu, lakini miraba ya maeneo yaliyojikunja itaonekana.

Halafu ijaribu modeli. Ondoa kohesini zote: miraba itoweke, kama ilivyotokea katika seli halisi mwaka 2017. Zirudishe, kisha ugeuze mwelekeo wa CTCF moja tu. Doa la kona ya mraba wake, yaani mgusano wa ncha mbili za kitanzi, lififie. Usihukumu kwa picha moja, kwani vitanzi hubadilika kila dakika. Chukua wastani wa picha 1,000 au zaidi, ukizihifadhi kwenye diski kila baada ya 50, maana umeme ukikatika usiku hutalazimika kuanza upya.