Kuponi iliyopitwa na wakati usiipite haraka

Mkitafuta punguzo kwenye tovuti za kuponi, msiishie kwenye zile za juu zinazong'aa. Shukeni hadi chini kabisa, kwenye zilizofifishwa rangi au kupigwa muhuri wa "imeisha". Hotukdeals, tovuti ya Uingereza ambako watu huwekeana ofa, kwa mfano, haiifuti ofa iliyokwisha. Inaigeuza kuwa ya kijivu na kuiacha hapo pamoja na maoni ya watu. Maoni hayo ni mali: utajua bidhaa ilishuka hadi bei gani, na kama duka hurudia ofa hiyo.

Jaribuni na misimbo yenyewe, yaani yale maneno au herufi za punguzo mnazoandika wakati wa kulipa. Tarehe ya mwisho mara nyingi huandikwa na mtumiaji au kukisiwa tu, huku duka halijaufunga msimbo. Kuubandika kwenye kikapu hakugharimu kitu.

Sasa, kwa nini baadhi ya tovuti huacha misimbo mifu juu kabisa kana kwamba iko hai? Ni kamisheni kutoka dukani. Ukibofya "onyesha msimbo", ukurasa wa duka hufunguka pembeni na kidakuzi (faili dogo linaloonyesha umetokea tovuti gani) hubaki kwenye simu yako. Ukinunua, tovuti inaweza kulipwa hata kama msimbo umegoma. Ujanja wa mjini huo.

Kwa hiyo kama unataka kuingia dukani kupitia huduma ya kurudishiwa pesa (cashback), tafuta msimbo kwanza, kisha ndiyo uanzie kule. Kwa kawaida inayolipwa ni tovuti uliyoibofya mwisho; ukitafuta msimbo baadaye, pesa yako ya kurudishiwa inaweza kupotea hivihivi.