Jinsi ya Kupanda Hadi Kiti cha Meneja Mkuu wa Klabu ya Besiboli

Bunge la Dodoma au la Nairobi lina viti zaidi ya 300. Ligi kuu ya besiboli ya Amerika Kaskazini ina klabu 30 tu, 29 zikiwa Marekani na moja Toronto, na kwa kawaida klabu huwa na meneja mkuu mmoja tu. Hata hivyo viti hivyo hubadilisha watu mara kwa mara, na wengi waliovikalia walianza na kazi ndogo ambazo wenzao hawakuzitamani. Mwongozo huu unaeleza kazi hizo na njia ya kutoka humo kwenda juu. Kwa maoni yangu, kinachompandisha mtu zaidi ya shahada na zaidi ya kujuana ni mazoea ya kuandika uamuzi wake waziwazi kabla matokeo hayajajulikana, ili baadaye wakubwa wake waweze kumpima nao.

Kwanza tutenganishe vyeo. Katika besiboli anayeitwa meneja ni yule ambaye sisi tuliozoea soka tungemwita kocha mkuu: huvaa sare ya timu, hukaa benchi, na hupanga nani aanze na nani aingie baadaye. Meneja mkuu hukaa ofisini. Yeye ndiye huamua nani asajiliwe, nani apelekwe klabu nyingine kwa kubadilishana, nani alipwe kiasi gani, na ni kijana yupi apandishwe kutoka timu za chini. Siku hizi klabu nyingi zimemweka juu yake rais wa shughuli za besiboli, jambo ambalo nitalirudia mwishoni kwa sababu limewahi kumwondoa mtu kazini.

Usidhani kwamba ni lazima uwe umecheza. Branch Rickey, aliyejenga mtandao wa timu za kulea vipaji kwa ajili ya St. Louis Cardinals katika miaka ya 1920, alikuwa mchezaji wa kawaida tu aliyesomea sheria katika Chuo Kikuu cha Michigan. Ndiye aliyemsajili Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyevunja ubaguzi wa rangi katika ligi kuu, mwaka 1945 na kumwingiza katika kikosi cha Brooklyn Dodgers mwaka 1947, na mwaka huohuo akamwajiri mtaalamu wa takwimu, Allan Roth. Kwa hiyo ule ubishi unaosikika leo, kati ya vijana wanaoamini takwimu za kompyuta na wazee wanaoamini macho yao uwanjani, una mizizi ya zamani kuliko kompyuta za ofisini. Billy Beane, kwa upande wake, aliteuliwa na New York Mets katika raundi ya kwanza ya uteuzi wa wachezaji chipukizi mwaka 1980, hakung'ara, na mwaka 1990 akaomba mwenyewe kuacha kucheza ili awe skauti, yaani mtu wa kutazama na kupima wachezaji, wa klabu ya Oakland. Miaka saba baadaye akawa meneja mkuu wa klabu hiyo.

Milango ya kuingilia ni mitatu: uskauti, takwimu na mikataba. Chagua mmoja na uufahamu kwa kina, kwa sababu klabu haimwajiri kijana kwa kuwa anapenda besiboli kwa ujumla. Humwajiri kwa kuwa kuna swali fulani analoweza kulijibu kuliko waliopo.

Skauti huandika taarifa kwa kipimo cha kuanzia 20 hadi 80, ambapo 50 ni kiwango cha kawaida cha mchezaji wa ligi kuu. Mpigaji hupimwa kwa mambo matano: kuugonga mpira, nguvu, mbio, udakaji na uimara wa mkono wa kurusha. Anayeanza huharibu kazi kwa maneno mazuri. Akiandika kwamba kijana "ana kasi na anaonyesha matumaini", hajasema kitu, kwa kuwa hata mama yake kijana angesema hivyo. Aandike kwamba alimpima kwa saa ya mkononi mara nne, akitoka kwenye nafasi ya kupigia hadi besi ya kwanza, akapata sekunde 4.2, na kwamba kwa mpigaji wa mkono wa kulia huo ni mwendo ulio juu kidogo ya wastani, ambao ni takriban sekunde 4.3. Kisha aandike alama ya leo, alama anayoitarajia kijana akishakomaa, na sababu ya tofauti kati ya hizo mbili. Taarifa ya namna hiyo huhifadhiwa. Baada ya miaka mitano mkurugenzi ataifungua na kuona ni nani aliona sawasawa na ni nani alifuata mkumbo.

Mazoezi haya hayahitaji kuajiriwa. Nenda kwenye mechi za vyuo au za timu za chini, chagua wachezaji kumi, waandikie taarifa zenye tarehe, kisha rudi kuzisoma mwaka unaofuata bila kujionea huruma. Kwa mlango wa takwimu, shirika la Retrosheet, lililoanzishwa mwaka 1989, linatoa bure kumbukumbu za mechi tukio kwa tukio, nazo zinamtosha mwanafunzi kujifunza lugha za kompyuta za kuchambua data kama SQL, R au Python huku akifanya kazi yenye maana. Chukua swali dogo ulimalize, badala ya swali kubwa litakalokushinda. Farhan Zaidi, mzaliwa wa Kanada aliyekulia Ufilipino, alikuwa akisomea uzamivu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipoajiriwa na Oakland mwaka 2005. Mwaka 2014 alikuwa meneja mkuu wa Los Angeles Dodgers.

Jifunze pia Kihispania. Klabu zote 30 zina vituo vya kulea vijana katika Jamhuri ya Dominika, na afisa asiyeweza kuzungumza na kijana wa miaka 17 bila mkalimani hupata nusu ya habari. Mtu aliyekulia kati ya lugha ya nyumbani, Kiswahili na Kiingereza hapaswi kuuogopa mzigo huu.

Mlango wa mikataba ndio unaosahauliwa na wengi, na kwangu mimi ndio bora kwa mtu asiye na jina. Mchezaji aliyetimiza takriban miaka mitatu ya utumishi katika ligi kuu, lakini hajafikisha miaka sita inayomfanya awe mchezaji huru wa kusaini na klabu yoyote, anaweza kupeleka suala la mshahara wake kwa wasuluhishi. Klabu hutaja kiasi chake, mchezaji hutaja chake, na jopo la watu watatu hulazimika kuchagua kimojawapo. Haliruhusiwi kukutana nao katikati. Ndiyo maana mtu anayejua kutafuta wachezaji wa kulinganisha, waliokuwa na takwimu zinazokaribiana na muda uleule wa utumishi, ana thamani kubwa kila ifikapo Februari. Kim Ng aliingia Chicago White Sox mwaka 1990 kama mwanagenzi aliyetoka Chuo Kikuu cha Chicago, na mwaka 1995 akawa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha klabu katika shauri kama hilo. Alishinda.

Lakini kushinda kuna gharama zake. Mwaka 2023 Milwaukee Brewers ilimshinda mrushaji wake Corbin Burnes, akalipwa dola milioni 10.01 badala ya milioni 10.75 alizoomba. Burnes, ambaye miaka miwili kabla yake alikuwa ametwaa tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake, alisema hadharani kwamba uhusiano wake na klabu umeumia kutokana na yaliyosemwa mbele ya jopo. Klabu iliokoa dola 740,000. Kijana anayeandaa hoja hizo ajiulize mapema kama anaandika jambo ambalo yeye mwenyewe angeweza kulisema huku mchezaji amekaa mbele yake, kwa sababu kwa kweli atakuwa amekaa hapo.

Kanuni uzijue kama karani wa mahakama anavyojua mafaili yake. Kikosi cha mechi kina wachezaji 26, orodha pana ina wachezaji 40, na kijana asipoingizwa katika orodha hiyo kwa wakati anaweza kuchukuliwa na klabu nyingine kila Desemba. Uteuzi wa wachezaji chipukizi, unaoitwa drafti (kwetu jina hilo ni la mchezo wa barazani), hufanyika Julai, na mwisho wa kubadilishana wachezaji huangukia karibu na mwisho wa mwezi huohuo. Mwaka mmoja wa utumishi ni siku 172. Mwaka 2015 Chicago Cubs ilimwacha Kris Bryant katika timu ya chini mwanzoni mwa msimu na kumpandisha tarehe 17 Aprili, hivyo akamaliza msimu akiwa na siku 171. Siku moja iliyopungua iliiwezesha klabu kubaki naye msimu mmoja zaidi kabla hajawa huru. Chama cha wachezaji kililalamika, na mwanzoni mwa mwaka 2020 msuluhishi akaamua kwamba klabu haikuvunja kanuni. Kama ilikuwa haki ni swali jingine, na kiongozi anayelikwepa hulikuta tena mezani siku ya kujadili mkataba na mchezaji yuleyule.

Kuhusu kazi ya kwanza, tarajia malipo madogo, saa nyingi na kuhama miji. Theo Epstein aliwaandikia Baltimore Orioles barua akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, akapewa nafasi ya mafunzo wakati wa likizo; baadaye akaenda San Diego, akaanza katika idara ya habari, na kusomea sheria huku akiendelea na kazi. Mwaka 2002, akiwa na miaka 28, Boston Red Sox ilimfanya meneja mkuu, na mwaka 2004 klabu hiyo ikatwaa ubingwa iliokuwa ikiusubiri tangu 1918. Tahadhari moja: timu za chini huajiri watu wengi wa kuuza tiketi na kukimbiza turubai uwanjani mvua inapoanza. Ni shule nzuri ya kazi, lakini kuvuka kutoka idara ya biashara kwenda idara ya wachezaji ni kugumu, kwa hiyo ukiingia upande huo, weka muda wa kutoka.

Kwa anayetoka Afrika Mashariki, ugumu wa kwanza ni kibali cha kazi. Kwa kanuni zilizopo, mwanafunzi mwenye viza ya F-1 huruhusiwa kufanya kazi inayohusiana na masomo yake kwa miezi 12 baada ya kuhitimu, na aliyesomea sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati anaweza kuomba miezi 24 zaidi. Tofauti hiyo pekee inatosha kumfanya mtu achague takwimu badala ya usimamizi wa michezo. Nyumbani nako kuna pa kuanzia: timu ya watoto wa Lugazi, Uganda, ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League, mwaka 2012, na muongo mmoja baadaye Dodgers wakasajili vijana wa Uganda. Anayeweza kuandika taarifa ya kuaminika kuhusu mrushaji wa Lugazi ana kitu ambacho skauti wa Florida hana.

Kuna makosa yasiyosameheka kirahisi. Afisa wa Cardinals, Chris Correa, aliingia bila ruhusa katika hifadhidata ya Houston Astros na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha miezi 46. Mwaka uliofuata akapigwa marufuku ya maisha kufanya kazi katika besiboli ya ligi kuu. Jeff Luhnow wa Astros alisimamishwa Januari 2020 kwa sababu ya kashfa ya kuiba ishara ambazo wapinzani hupeana kabla ya mpira kurushwa, na klabu ikamfukuza siku hiyohiyo.

Ukifika siku ya kusaini, usitazame mshahara peke yake. Kim Ng alisubiri miaka 30 tangu alipoanza uanagenzi hadi Miami Marlins walipomfanya, Novemba 2020, mwanamke wa kwanza kuwa meneja mkuu katika ligi kuu. Mwaka 2023 timu yake ilishinda mechi 84 na kufuzu hatua ya mtoano. Mmiliki alitaka aendelee, lakini alikusudia kumweka rais wa shughuli za besiboli juu yake, na Ng akakataa kuongeza mwaka. Kwa hiyo uliza mapema, na ujibiwe kwa maandishi: saa ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, simu ikiwa mkononi na dakika tano zimebaki, ni nani mwenye kusema ndiyo?