Jiko la kuchomea nyama na gari la kulala

Ukisafiri na gari la kulala ndani, usiwashe jiko la kuchomea nyama chini ya turubai la ubavuni, hata kama kuna manyunyu. Lisogeze kama mita 3, mahali pa tambarare pasipo nyasi kavu, upepo usirudishe moshi madirishani. La gesi? Paka maji ya sabuni kwenye maungio ya mpira wa gesi. Ukiona mapovu yanavimba, gesi inavuja: funga mtungi, chakula kisubiri. La mkaa ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Mkaa unaoonekana umezimika bado hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na watu hufia usingizini. Usiliingize ndani eti mpate joto. Majivu yamwagie maji, koroga, mwagia tena hadi yapoe kabisa.